Kati ya Gome na Gome

Januari, Vilnius. Mto Neris umeganda kingoni.
Tumekausha hewa ya sandukuni kwa naitrojeni, saa nzima,
kwa kuwa wimbi letu na maji hawaivi chungu kimoja:
hupenya karatasi, nguo, ubao mkavu,
likikuta unyevu linafia hapo hapo.

Apolonija kaja na basi la alfajiri,
kopo la biskuti kifuani.
Ndani, magome tisa ya mbetula,
yameshonwa kwa uzi wa gunia, yakagandana
kwa miaka themanini na ushei ya dari zinazovuja.
Mtu aliyeyaleta kutoka Siberia hakuacha jina.
"Ukiyabandua yanakuwa unga," alisema.
"Nilijaribu moja. La juu. Nikaacha."

Nikamweleza nionavyo mimi:
kuna redio, ipitayo kote bila kuona kitu,
kuna mwanga, uonao kila kitu ukakomea mlangoni,
na baina yao yupo huyu, teraherzi, mtoto wa kati
asiyetajwa kwenye urithi:
hupenya kama kaka yake, huona, kidogo, kama dada yake.
Kidogo kiasi gani? akauliza.
Punje ya chumvi, nikajibu. Chini ya hapo ni ukungu.

Ana mtoto wa jicho, upande wa kulia.
Akaitazama lenzi kwa jicho la kushoto:
utando laini, mafuta ndani, pete ya kuubana.
Volti zikipanda unatuna, zikishuka unalala,
na ncha ya wimbi husogea mbele, nyuma,
bila chombo kuhama hata unywele.
"Mboni," akasema. "Mmetengeneza mboni isiyozeeka."
Eimantas akacheka. Inazeeka, mama,
kila mwezi tunabadilisha utando.

Gome la pili: maneno. Penseli huacha kaa,
na kaa hulirudisha wimbi kama bati.
*Theluji hadi kiunoni. Nimepewa msumeno wa Petras,
maana Petras hauhitaji tena.*
La tatu: gramu za mkate, tarehe, gramu za mkate.
La nne: mstari mmoja tu,
Polė, jina alilokuwa akiitwa nyumbani.

La tano halikuwa na herufi.
Duara refu, limebanwa katikati,
juu yake vifundo vitano.
Tena duara ndani ya duara, kama miaka ya mti,
tukadhani lenzi imepotoka,
kwamba tunasoma kurasa mbili kwa mkupuo.
Nikapunguza volti. Moja likafifia, jingine likakaza.
Nikaongeza. Dogo likaondoka, kubwa likaja.
Kila gome na lake,
kila moja limemzidi mwenzake kwa upana wa ukucha.

Eimantas aliona kwanza. Ana binti mdogo.
"Ni wayo," akasema. "Wayo wa mtoto."
Feni ya kompyuta ikaendelea kuvuma.

Alikuwa na miaka mitatu pale stesheni,
wanaume walipopelekwa kwenye mabehewa yao.
Huko msituni baba akawa anaukisia mguu,
msimu baada ya msimu, kwa kaa la penseli:
minne. Mitano. Sita. Saba. Minane.
Sijui alingoja nini ili achore. Labda siku ya kuzaliwa.
Labda siku yoyote yenye gome la ziada.

Akaomba tuchape la tisa kwa ukubwa wake halisi.
Akaliweka sakafuni, akalisimamia kwa macho muda mrefu.
"Kubwa mno," akasema.
"Mguu huu niliufikia nina kumi na mbili."
Akakunja karatasi mara moja, mara mbili.
"Alidhani tunakula."

Nilipaswa kuzima mashine, umeme wa maabara una bajeti yake.
Nikashusha volti polepole badala yake,
la nane, la saba, la sita,
wayo ukipungua mbele yetu kwenye kioo,
la tano,
hadi la nne, pale penye jina.